Barua ya Wazi: Jina la Mwenye Wimbo Likae Ndani ya Sauti

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya uchumi bunifu. Kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Kwa viongozi wa mashirika yanayokusanya mirabaha. Na kwa wenye vituo vya redio na televisheni hapa Nairobi.

KUH: ALAMA FICHE NDANI YA NYIMBO ZETU

Waheshimiwa,

Salamu kutoka River Road, ghorofa ya tatu, katika chumba chenye dirisha moja ambalo nimeliziba kwa godoro ili honi za matatu zisiingie kwenye maikrofoni. Kazi yangu ni kurekodi na kusawazisha sauti. Niliianza siku za kanda, nikavuka nayo kwenye CD, na sasa niko kwenye faili ambazo hata sizishiki mkononi.

Sikuwa na nia ya kuwaandikia. Aliyenisukuma ni mzee mmoja mpiga gitaa. Mwezi uliopita alipanda ngazi zangu akihema, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akatoa simu mfukoni. "Mwanangu, hebu sikiliza hiki kitu." Kilikuwa kipande alichokinasa ndani ya matatu ya kwenda Rongai: kijana anarap, mdundo unatetemesha vioo, na chini ya mdundo kuna gitaa linalotembea taratibu.

"Hilo gitaa ni langu," akasema. "Nalijua kama ninavyokijua kikohozi changu."

Nami nililijua, kwa kuwa ni mimi niliyelirekodi. Limeongezwa kasi kidogo, limepandishwa noti kidogo, limekatwa hapa na pale, lakini ni lile lile, hata pale kidole kilipoteleza kwenye waya wa tatu na mzee akakataa turudie. Tukamwendea makanga, naye akatuelekeza kwa dijei aliyemjazia flashi. Dijei akasema ameutoa mtandaoni. Mtandaoni tukaukuta una jina la mtu mwingine, picha ya mtu mwingine, na msimbo wa ISRC, yaani kitambulisho cha rekodi, ulioandikishwa na mtu mwingine.

Tulimwandikia msambazaji. Akajibu kwa adabu kabisa, akitaka ushahidi kwamba sisi ndio wa kwanza. Ushahidi wangu ulikuwa kwenye diski iliyoungua siku stima zilipopotea na kurudi kwa kishindo. Daftari la studio lina tarehe, lakini daftari hata mwizi analo. Nilipopakia nakala ya zamani ya mzee ili niwaonyeshe, mfumo wa kutambua nyimbo ukanionya kwamba natumia kazi ya mtu bila idhini. Mzee aliniomba nimsomee onyo hilo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alidhani namtania.

Mtu aliyetuibia hakuhitaji akili nyingi. Wimbo wetu ulitoka studio bila jina, naye akaupa la kwake.

Mtaniambia kwamba faili ina nafasi ya kuandika jina la msanii, mwaka na albamu. Ipo, na mimi huijaza kila mara. Ila maandishi hayo hukaa nje ya sauti, kama jina juu ya bahasha. Geuza faili kuwa aina nyingine, au icheze kwenye spika na kuinasa kwa simu, bahasha imetupwa na barua imebaki. Hata msimbo wa ISRC, ule wa herufi na tarakimu 12 unaotambulisha kila rekodi duniani, kwa kawaida husafiri pembeni ya wimbo. Isitoshe, wasanii wetu wengi wanaopitia wasambazaji wa nje hupewa misimbo inayoanza na QZ, ambayo ni ya Marekani, na nyimbo za Kayole zinaonekana kana kwamba zimezaliwa ng'ambo.

Wengi wenu mnaikumbuka stika. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ilileta kifaa cha uthibitisho cha kubandikwa kwenye kazi za sauti na video, na ile stika yenye kumetameta ndiyo iliyotofautisha kanda halali na ya magendo kwenye vibanda vya barabara hii. Siidharau. Askari aliweza kugeuza ganda akaona. Tatizo ni kwamba ilibandikwa kwenye ganda, na siku hizi ganda lenyewe halipo.

Sasa chukueni noti ya shilingi 1,000 muiinue kwenye mwanga. Kichwa cha simba kitajitokeza. Hakuna aliyekibandika, kiliumbwa pamoja na karatasi, na ukitaka kukitoa itabidi uichane noti. Mafundi wa karatasi wa Fabriano kule Italia walikuwa na ujanja huo tangu karne ya 13. Ninachowaomba ni simba wa namna hiyo ndani ya sauti, yaani alama fiche inayobeba jina la mwenye wimbo, na kinawezekana.

Nieleze kwa ufupi, maana najua mtaulizwa Bungeni. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde. Wimbo wa dakika 3 una vipimo 7,938,000 kwenye spika ya kushoto na vingine kama hivyo kwenye ya kulia. Msimbo wa ISRC, kwa hesabu ya biti 8 kwa kila herufi, ni biti 96 tu, biti moja ikiwa ni sifuri au moja. Nafasi ya kuufukia ipo tele, tena kuurudia rudia kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho, ili hata kipande cha nusu dakika kiwe na jina.

Kazi ngumu ni kulipita sikio. Simama barabara ya Tom Mboya matatu ipige honi: mnong'ono wa aliye kando yako unamezwa. Mnong'ono upo, ila sikio limezidiwa. Sauti kubwa hufunika ndogo iliyo karibu nayo kimasafa, yaani kwa wembamba au unene wa sauti, na huifunika hata kwa muda mfupi baada ya yenyewe kunyamaza. Alama fiche hupandwa kwenye vivuli hivyo. Mwaka 1996 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walieleza njia mojawapo kwa kutumia mwangwi: unaurudisha wimbo juu yake wenyewe kwa kuchelewa milisekunde moja hivi, kiasi ambacho sikio halisikii mwangwi bali utamu kidogo wa chumba. Kuchelewa kwa kiasi hiki ni sifuri, kwa kiasi kile ni moja, na sifuri na moja zikipangwa ndiyo herufi zenyewe.

Njia nyingine ilitoka kwenye redio za kijeshi. Badala ya kuweka alama mahali pamoja, unaitawanya kila mahali kama mvumo hafifu uliopangwa kwa ufunguo wa siri. Asiye na ufunguo haoni chochote. Mwenye nao ni kama mtu aliye soko la Gikomba saa nne asubuhi: watu elfu wanapiga kelele, lakini mamake akimwita jina lake atageuka, kwa kuwa anajua anachosikiliza.

Hapa kuna mvutano ambao wauzaji wa mitambo hawatawaambia. MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa zile zile sauti ambazo sikio halizisikii, yaani inafagia pale pale tunapotaka kuficha. Kwa hiyo alama iliyofichwa vizuri mno hutupwa na takataka, na iliyowekwa kwa nguvu mno huharibu wimbo. Fundi anatembea katikati. Kwenye wimbo wa ngoma na besi nafasi ni pana. Kwenye ule wa sauti moja na udi, ambapo kimya chenyewe ni sehemu ya muziki, nafasi ni finyu sana, na ningeomba kanuni zenu zimruhusu msanii wa aina hiyo kusikiliza kwanza na kukataa akitaka.

Nimejaribu mwenyewe kwa programu ya bure. Nilipanda alama kwenye rekodi mpya ya mzee, nikaibana kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde. Ikasomeka. Nikaituma kwa WhatsApp. Ikasomeka. Nikaicheza kwenye spika na kuinasa kwa simu kutoka mlangoni. Ikasomeka kwa taabu, herufi kadhaa zikakosekana. Kisha dijei rafiki yangu akaongeza kasi kwa asilimia 4, kama wafanyavyo wote wanapounganisha nyimbo, na alama ikapotea kabisa. Msomaji, yaani programu inayoisoma alama, alikuwa anapiga hatua za mwendo wa kwanza na wimbo umeshatangulia. Zipo programu bora zinazojaribu kasi mbalimbali kabla ya kukata tamaa. Ndiyo maana nawasihi: kabla hamjatia sahihi zabuni yoyote, mleteni muuzaji hapa River Road na mtambo wake, tuukabidhi kwa madijei watatu kwa mchana mmoja. Kitakachosalia jioni ndicho mkinunue.

Na mnunue kwa kazi gani? Hili ndilo hasa limenifanya niandike.

Mwezi Septemba 2000 muungano wa makampuni ya muziki na vifaa uliojulikana kama SDMI uliandika barua ya wazi (ndiyo, nao pia) ukiwaalika watu wajaribu kuvunja alama zake, kwa zawadi ya hadi dola 10,000 na muda wa wiki chache. Kundi la Edward Felten wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzake likatangaza kwamba limezishinda alama zote nne zilizoshindanishwa. Mwaka uliofuata walipotaka kueleza walivyofanya, wakatishiwa kesi, wakasitisha, na hatimaye wakaisoma makala yao Agosti 2001. SDMI haikusimama tena.

Watu husimulia kisa hicho kuthibitisha kwamba alama fiche haifai. Mimi nasoma kingine. Alama ile ilikusudiwa iwe kufuli: kifaa kiisome, kisha kimkatalie mtu kucheza. Kufuli la aina moja likifunguliwa mara moja limefunguliwa kwa kila mtu. Jina halina tabia hiyo. Mwizi akilifuta kwenye nakala moja, nakala nyingine zote bado zinalo, na redio iliyopata wimbo kwa njia halali haina sababu ya kulifuta. Kwa hiyo naomba alama ya kulipia, si ya kufungia. Mkijaribu kuifanya kufuli nitakuwa wa kwanza kuwacheka, na vijana wa barabara ya Luthuli watakuwa wa pili.

Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari letu ndilo bovu. Mirabaha ya redio inategemea orodha za nyimbo zilizopigwa. Mimi nimewahi kuona orodha ya kituo kimoja ambayo kwa wiki tatu ilikuwa ile ile, imenakiliwa, hata kosa la tahajia halikurekebishwa. Mzee wangu alilipwa mwaka huo kiasi ambacho hakikutosha seti ya nyaya za gitaa, na aliyemlipa hakuweza kumwonyesha wimbo gani ulipigwa wapi wala lini. Sisemi aliibiwa. Nasema hakuna mtu, pamoja na wale waliomlipa, anayeweza kujua. Katikati ya vuta nikuvute ya leseni na kesi baina ya mashirika, msanii hana hata karatasi ya kubishania.

Weka msomaji wa alama kwenye mawimbi ya kila kituo, usiku na mchana, na orodha itajiandika: wimbo huu, saa hii, sekunde kadhaa. Kompyuta ya kawaida yaweza kusikiliza vituo kadhaa kwa pamoja. Mamlaka ya Mawasiliano tayari inatoa leseni za utangazaji. Masharti ya kuruhusu usikilizaji huo yanaweza kukaa humo. Na orodha zichapishwe. Msanii wa Dandora afungue simu aone alipigwa mara ngapi jana, kabla shirika lolote halijagusa shilingi.

Kuna mtu atauliza kwa nini tusitumie tu teknolojia ile ya Shazam, inayotambua wimbo kwa umbo la sauti yake bila kuweka chochote ndani. Tuitumie, hasa kwa nyimbo za zamani ambazo zimeshatawanyika na haziwezi kurudishwa studio kupandwa alama. Hazina ya miaka ya santuri na kanda haitaokolewa kwa njia nyingine. Lakini teknolojia hiyo inatambua wimbo kisha inauliza ghala lake: ni wa nani? Aliyetangulia kuandikisha ndiye anayeitikiwa. Ndivyo mzee wangu alivyogeuzwa mwizi wa gitaa lake.

Kwa hiyo andikisho lije kwanza. Bodi ina kazi ya kuandikisha kazi za sanaa. Iongezee hatua moja. Wimbo ukifika, upandwe alama bila malipo, na tarehe na saa zihifadhiwe. Mwizi naye anaweza kupanda alama yake juu ya yangu, hilo linajulikana tangu zamani na wataalamu wameliandikia. Lakini nakala yake itakuwa na majina mawili, masta yangu, ile nakala ya kwanza ya studio, itakuwa na moja, na tarehe ya andikisho itasema nani alitangulia. Hakimu hahitaji digrii ya hesabu kuelewa hilo.

Alama ziwe mbili. Ya kwanza iwe wazi, isomwe na yeyote: dijei, mwenye baa, mtangazaji, mtoto wa shule. Ya pili iwe ya siri, ufunguo wake utunzwe umefungwa na utolewe kwa amri ya mahakama. Sababu ni ya kifundi. Mtu akiwa na msomaji mkononi anaweza kuchezea wimbo kidogo kidogo, akipima kila mara, mpaka msomaji anyamaze. Hapo amejua jinsi ya kuifuta. Alama ya wazi siku moja itafutwa kwa njia hiyo. Ya siri hataijua ilipo.

Na ufunguo huo usikae kwa shirika linalogawa pesa. Hili silipunguzi hata kidogo. Anayepima unga asiwe ndiye anayeula. Mkiuweka kwa wagawaji tutakuwa tumenunua mizani mpya tukaiacha kwenye mkono ule ule.

Sheria hatuna upungufu mkubwa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 40, inaitaka Serikali kuunga mkono, kukuza na kulinda haki za ubunifu za Wakenya. Sheria ya Hakimiliki, kifungu cha 35, inamhesabu kuwa amekiuka hakimiliki anayeondoa taarifa za kielektroniki za usimamizi wa haki. Kwa hiyo kuifuta alama tayari ni ukiukaji. Tulichokosa ni alama yenyewe ya kufutwa.

Jambo moja la kukataza. Teknolojia hii inaweza pia kupanda jina la mnunuzi: kila nakala inayouzwa ibebe nambari ya aliyeinunua, na ikionekana kwingine afuatwe yeye. Msifanye hivyo. Mama aliyenunua wimbo wa harusi akamtumia dada yake wa Kitui hakuua sanaa ya Kenya. Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 31, inalinda faragha yake, na tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Alama ibebe mwenye wimbo tu.

Msichelewe sana, kwa sababu wenzetu hawalali. Tangu 2023 Google DeepMind imekuwa ikipanda alama yake ya SynthID kwenye muziki unaotungwa na mashine zake. Yaani wimbo ambao hakuna mtu aliyeuimba unatoka na kitambulisho ndani, na wa mzee aliyepiga gitaa hadi vidole vikaota sugu unatoka uchi.

Mkitaka kusikia, njooni. Nimeandaa nakala mbili za wimbo mmoja, moja ina alama na nyingine haina, na mpaka leo watu waliojaribu kuzitenganisha kwa masikio wamekuwa wakibahatisha, nikiwemo mimi. Mzee naye atakuwepo, huja Alhamisi. Mlango ni wa pili baada ya fundi wa simu. Lifti haifanyi kazi, kwa hiyo mje mapema kabla jua halijawa kali, na mkifika msibishe hodi kama taa nyekundu inawaka.

Wenu,
Fundi wa sauti,
River Road, Nairobi